Koti la Baba na Diski ya Una

Mwanangu, weka simu chini kwanza. Najua unataka kumwambia dada yako, aliyeko masomoni ughaibuni, kwamba baba yenu kazidiwa kidogo, arudi. Baba yenu tumemzika asubuhi hii. Kaa hapa kwenye mkeka. Nakumbuka mchana mmoja wa Guangzhou, kule China, na nataka uusikie kabla hujapiga.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mimi nilikuwa msichana wa Kariakoo mwenye miguu mizima, kutwa nazunguka masoko ya Zhanxi nikigombania bei za magauni. Usicheke, niliijua ile mitaa kuliko nilivyoijua Ilala.

Baba yangu alifariki nikiwa hukohuko. Wenzangu walijua siku ileile, wakanyamaza, kwa desturi hii hii yetu ya kutompa mtu msiba akiwa safarini. Mzee Shaibu, Mzanzibari tuliyemfanya mkubwa wetu pale, ndiye aliyenikatia tiketi, akisema baba anaumwa kidogo, tena akinitania nisisahau zawadi ya mgonjwa. Nikamnunulia baba koti la sufu, maana alikuwa mtu wa kuona baridi. Nilishuka uwanjani nimelikumbatia. Kufika nyumbani, turubai la msiba limeshateremshwa. Nilisimama mlangoni na lile koti, sijui nimpe nani.

Niliporudi Guangzhou nikamkuta mpangaji mpya katika nyumba tuliyopanga, dada wa Kiayalandi aitwaye Una. Katika hoteli moja alikuwa akiimba nyimbo za watu wengine, kwa kuwa meneja hakutaka za kwake. Za kwake aliziimba jikoni kwetu na gitaa lake, taratibu, mimi nikichambua mchele. Kabla ya kuja China alikuwa amerekodi albamu yake ya kwanza, na kampuni moja ndogo ya kwao ilimwambia diski zimeshachapwa, bado kutoka tu. Wimbo wa mwisho alimtungia mdogo wake aliyekufa maji. Huo hakuuimba jikoni hata siku moja. Alisema, “Huo utausikia kwenye diski, Rehema.”

Kila akipiga simu aliambiwa mwezi ujao. Halafu simu ikawa haipokelewi, naye akaamini wako mbioni na uzinduzi. Akaacha kazi, akakata tiketi, akajinunulia gauni la kijani la kusimamia jukwaani. Alilivaa akatuonyesha, akizunguka katikati ya masufuria.

Mchana huo, siku moja kabla Una hajasafiri, Mzee Shaibu aliniomba nimsindikize kununua diski za duka la mwanawe kule Darajani, Unguja. Palikuwa na diski za Ulaya zilizoletwa kama taka za plastiki. Kampuni ikifilisika, diski zake hukatwa ukingo kwa msumeno zisiuzwe tena, na Wachina walizimwaga chini na kuziuza vivyo hivyo, kwa sababu diski huanza kusomwa katikati, na mkato ule wa ukingoni huharibu wimbo wa mwisho tu. Nikapekua lundo, nikakutana na uso wa Una kwenye jalada. Chini yake tena Una. Laoban, yaani mwenye duka, akanionyesha gunia zima lililojaa Una.

Mzee Shaibu akaichukua ile diski mkononi mwangu, akairudisha kwenye lundo.

“Rehema, hukuona kitu. Mwache ende kwao, wenyewe watamwambia.”

“Kama mlivyoniacha mimi niende?”

“Ungeanguka huku ungeshikwa na nani, mwanangu?”

“Na nyinyi. Mlikuwepo.”

Nikainunua diski, nikaondoka.

Nilimwambia Una palepale mlangoni, sijavua hata viatu, nikichelea moyo utanigeuka. Akapitisha kidole kwenye mkato. Akaitia kwenye redio yake, tukasikiliza nyimbo zote, na sauti yake ilikuwa nzuri, mwanangu, nzuri ya kuumiza. Wimbo wa mwisho ulianza kwa gitaa, ukakwaruza, ukanyamaza. Una akaniambia nitoke.

Nikakaa sakafuni nje ya mlango wake. Baadaye Mzee Shaibu akaja na birika la chai, naye akaketi chini kwa shida, magoti yake yakilia. Tulimsikia Una akilia. Halafu tukamsikia akijaribu kuuimba ule wimbo mwenyewe. Alifika katikati, hakuumaliza. Mzee Shaibu akaniuliza polepole, bila kunitazama, “Lile koti, ulimpa nani?”

“Liko sandukuni bado.”

Akajifunika uso kwa kofia yake.

Una aliondoka kesho yake bila kuniaga. Lile gauni alilitundika jikoni, akaliacha. Sikupata habari zake tena, na iliniuma, bado inaniuma. Lakini alipanda ndege akijua anakokwenda. Hakushuka kwao amevaa kijani, akitafuta jukwaa.

Basi nawausia, wewe na wenzako wote mnaodhani kuficha ni huruma. Habari mbaya ni mali ya mwenyewe, mpeni. Msimpe akiwa peke yake. Mtafute kwanza rafiki wa dada yako, afike pale alipo, afunge mlango, ndipo uongee. Akikufokea, usikate simu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Mungu amrehemu baba yenu. Awape nyinyi umri, na kila litakalowaumiza liwafikie kwa mdomo wa anayewapenda, na nje ya mlango wenu asikose mtu wa kukaa sakafuni.

Haya, piga. Dada yako asije akapita madukani kumtafutia baba zawadi.