Mwano Uliongoja Wenzake

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwangalizi wa kompyuta ya maji katika mgodi mmoja karibu na Segese. Maji yakipanda shimoni, ujumbe ulikuja kwa waya wa mtandao, uleule uliobeba ujumbe wa ofisi, nami niliwaita watu watoke. Fundi alipoona kompyuta inazidiwa, akabadilisha programu ya kadi ya mtandao: isiishtue kwa kila ujumbe, ingoje kwanza ujumbe wowote utimie kumi. Akaja kuniambia:

“Shikamoo, mzee. Sasa kompyuta haihemi tena!”

“Marahaba. Na usipotimia?”

“Mgodi huu unanyamaza lini, mzee wangu?”

Kwetu Usukumani, mwano, yowe la hatari, hupokewa papo hapo. Hakuna anayengoja yowe la pili.

Jumapili ofisi zilifungwa, waya ukawa kimya. Chini walikuwepo watu wa pampu. Skrini ilionyesha shimo kavu, nami nikawa nasali. Simu ya shimoni ikalia.

“Baba, maji yako kiunoni! Huoni huko?”

Nikapiga king'ora. Walitoka wote, namshukuru Mungu. Walikuwa wakikamua mashati mlangoni pangu ujumbe ulipotimia kumi; skrini ikabadilika, ikaanza na ule wa kwanza: maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.