Mkono wa Kushoto na Mashine ya Leza

Kanisa letu liliuombea mkono wangu wa kushoto miaka minne, na mkono wenyewe haukuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kidevu. Nilikuwa na ndevu. Sisemi vile vinywele laini ambavyo kila mwanamke anavyo. Nasema ndevu, nyeusi, ngumu, za kuchoma, zilizoanza nikiwa na miaka kumi na tisa na ambazo wanaume wengi wa Machakos wangezitamani. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya anahitaji mikono miwili, na wangu mmoja ulikuwa umepewa kazi nyingine.

Nilikuwa napiga mapigo kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unakaa kidevuni, kama mtu mwenye mawazo mengi. Sasa, sauti ya kwanza, akina mama, husimama upande wangu wa kushoto, na mkono huo ndio unaopaswa kuwaambia waingie lini. Bila ishara, wale akina mama waliangaliana, mmoja akathubutu, wengine wakamfuata wamechelewa. Kila Agosti tulienda mashindano ya makanisa kule Kangundo, na kila Agosti waamuzi waliandika jambo lile lile: sauti ya kwanza inachelewa, mwongozaji hatumii mkono wa kushoto.

Wakati wa korona nilivaa barakoa kama watu wote, na mikono yote miwili ikafanya kazi. Kwaya ikaimba vizuri ajabu, lakini mashindano yalikuwa yamefungwa. Barakoa zilipoisha, mkono ukarudi kidevuni, na watu wakasema ugonjwa umerudi. Hapo ndipo maombi yalipoanza. Mzee mmoja wa kanisa aliniwekea mikono begani, akakemea kiharusi, nami nikasema amina. Ningesema nini? Niliona afadhali waniite mgonjwa kuliko waone ndevu.

Mtu mmoja tu alijua, naye ni mama yangu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliniketisha kwenye kigoda nje ya jikoni, nikaangalia juu, akachovya vidole kwenye majivu ili nywele zisiteleze, akaning'oa moja moja. Hakuwahi kunicheka hata siku moja. Alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe na za majirani huku akining'oa, na machozi yakinitoka ananipangusa kwa leso yake. Ila ikifika Jumanne zilikuwa zimechipua tena, na mazoezi ya kwaya ni Jumatano.

Januari ile mwenyekiti wa kwaya aliniita kando baada ya ibada. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi.

“Mwalimu, tunakupenda,” akasema. “Lakini kamati imeonelea, mwaka huu tukishindwa tena Kangundo, tumpatie mpiga kinanda aongoze. Wewe upumzishe huo mkono.”

Nilimwambia sawa. Nikatembea hadi nyumbani nikiwa na hasira za kuvunja sufuria. Kwaya hiyo niliianzisha mimi, na watu saba, chini ya mabati yasiyo na dari. Hakuna kitu kingine duniani ninachojua kufanya vizuri namna hiyo, na nilikuwa ninanyang'anywa kwa sababu ya nywele.

Wiki hiyo hiyo nilienda mjini kutoa nakala za nota. Kwenye ngazi za duka la nakala kulikuwa na bango: kuondoa nywele kwa leza, ghorofa ya pili. Nilikuwa nimelipita bango hilo mwaka mzima nikijifanya sijui kusoma. Siku hiyo nilipanda.

Aliyenipokea alikuwa dada Msomali mwenye hijabu ya kijivu, aliyezaliwa hapa hapa Machakos, baba yake mfanyabiashara wa mbuzi, na Kikamba chake ni safi kuliko changu. Alinihoji mambo ambayo sikuyatarajia: hedhi yangu inakuja kila mwezi? Ninapaka krimu za kung'arisha ngozi? Kovu likinipata, linavimba? Akanituma kwanza kwa daktari nipimwe homoni, maana alisema ndevu kama hizi mara nyingi zina mzizi ndani ya mwili, na yeye anashughulika na za nje tu. Nilipimwa, nikapewa dawa. Akajaribu mashine kidogo chini ya sikio, akasema tungoje wiki moja tuone kama ngozi nyeusi itaikubali, kwa sababu kuna mashine zinazochoma ngozi kama yetu na kuacha madoa. Ngozi ikakubali. Akanipa siku. Akaniambia pia, tena mara mbili, nisiguse nywele. Kunyoa kwa wembe siku moja kabla ndiyo, lakini kung'oa hapana.

Hilo la mwisho nilimweleza mama nikiwa na haraka, naye akasikia alivyotaka. Kwetu mtu haendi kwa daktari akiwa mchafu. Ukipelekwa kupimwa mguu unaoga mwili mzima, unavaa nguo ya ndani mpya, unapaka mafuta hadi visigino. Jumamosi kabla ya siku yangu mama alikuwa ameshaketi na majivu yake.

“Mwaitu,” nikamwita mama kwa Kikamba, “nimeambiwa nisiguse.”

“Sasa utaenda kwa watu hivyo? Watasema hauna mama.”

Kusema kweli sikubishana sana. Hata mimi nilikuwa naona haya kulala kwenye kitanda cha watu nikiwa na ndevu za siku kadhaa. Mama aliifanya kazi ile kama ya harusi. Niliondoka pale kidevu kikiwa laini kama sahani.

Yule dada aliwasha taa, akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku.

“Mwalimu, nani amekung'oa?”

“Mama yangu.”

“Mama amefanya kazi safi sana. Lakini hii mashine inatafuta nywele ndani ya ngozi, iko na rangi, ishike moto hadi kwa mzizi. Sasa hapa nitachoma nini? Enda nyumbani, urudi baada ya wiki tano.”

Wiki tano, na Agosti inakuja. Nilishuka zile ngazi nikitukana moyoni, na sitaandika nilichosema. Nilipofika nyumbani nilimfokea mama, jambo ambalo sijawahi kufanya, na yeye akainuka akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Jioni nilimwomba radhi. Alisema, “Mimi nilitaka tu wasikudharau.” Nikalia, naye akanipangusa kama kawaida yake.

Basi nikaanza kunyoa. Nyie wanawake wenye videvu vyepesi hamjui ni kitu gani kushika wembe mbele ya kioo asubuhi, kama mwenye nyumba anayejiandaa kwenda kazini. Mama alikuwa anageuka upande asione. Ndevu zilizonyolewa hazikai kama zilizong'olewa. Saa nane mchana kivuli kilikuwa kimesharudi, na mkono wa kushoto ulibanwa kidevuni kuliko wakati wowote. Katika mazoezi mpiga kinanda alianza kuwapa sauti ya kwanza ishara kwa kichwa. Nilimwona. Nilimwambia kinanda kinapigwa kwa vidole.

Mwisho wa Februari nililala kwenye kile kitanda kwa mara ya kwanza, miwani mieusi machoni, jeli ya baridi kidevuni. Nilikuwa nimeambiwa nitasikia kama kuvutwa raba na kuachiliwa. Aliyesema hivyo hajawahi kukaanga samaki. Ni mafuta ya moto yanayoruka kutoka kwenye karai, tone baada ya tone, na hewa baridi inapulizwa nyuma yake ili usipige kelele. Chini ya pua ndiko kubaya zaidi. Machozi yalitoka yenyewe. Na harufu. Chumba kizima kilinuka kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa kwa ajili ya supu. Dakika kumi na tano, basi. Nilitoka kidevu kikiwaka, nimevimba kidogo, na maagizo: nisipake chochote chenye manukato, nisikae juani bila losheni, nisikaribie majivu.

Siku ya kumi nilimpigia yule dada simu nikiwa nimewaka. Ndevu zilikuwa zimeota upya, nyingi kuliko mwanzo.

“Hizo hazioti,” akasema. “Zimekufa, ngozi inazisukuma nje. Usiguse, mwalimu. Nakuomba.”

Sikumwamini. Siku ya kumi na sita nilikuwa nafuta uso kwa taulo, nikaona taulo imejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga. Nilipitisha kidole. Upande mzima wa kushoto ulikuwa mtupu. Nilikimbia nje na taulo, nikamwonyesha mama aliyekuwa anakamua ng'ombe. Aliangalia taulo, akaangalia kidevu, akanishika kwa mkono wenye maziwa.

“Ai,” akasema. “Zimeenda wapi?”

Hazikwenda zote, nisiwadanganye. Nywele hazilali na kuamka pamoja, kwa hiyo kila baada ya wiki sita kundi lingine liliamka, nami nikarudi kuchomwa. Yule dada alikuwa ameniambia mara sita hadi nane, na baadaye kurudi mara mojamoja kwa zile kaidi, kwa sababu homoni hazistaafu. Hadi Julai nilikuwa nimeenda mara nne. Zilibaki chache laini pembeni ya taya. Lakini mkono ulikuwa na mazoea ya miaka. Ulipanda kidevuni wenyewe, ukakuta hakuna cha kuficha, ukakaa hapo hapo. Ilinibidi nishike kitabu cha nota mkono wa kushoto mwezi mzima ili niuzoeze kukaa chini.

Kangundo tulipanda jukwaani wa tisa. Niliweka kitabu cha nota chini. Nilisikia upepo kwenye kidevu, nawaambia ukweli, niliusikia. Mpiga kinanda akaanza, mkono wangu wa kushoto ukapanda, ukapita kidevu, ukafunguka upande wa akina mama wale, nao wakaingia wote kwa pumzi moja. Nusura nisahau kuendelea. Tulikuwa wa kwanza. Tulirudi na kombe, na kamati haikusema tena habari ya kupumzika.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti aliliweka kombe juu ya meza na kutangaza muujiza. Mkono wa mwalimu, ulioombewa miaka minne, umepona. Watu wakapiga makofi, yule mzee aliyekemea kiharusi akasimama akalia. Nikaitwa mbele nishuhudie. Ingekuwa rahisi sana kusema amina kwa mara nyingine, na nilikuwa nimefungua mdomo kuisema. Kisha nikaona kwamba nikiisema nitabaki nimejificha maisha yangu yote, na kidevu kikiwa wazi.

“Mkono wangu haujawahi kuugua,” nikasema. “Nilikuwa na ndevu. Nilikuwa nazificha. Nimezichoma kwa mashine hapa mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la nakala, na bado naenda. Mungu nimemshukuru kwa hilo.”

Mpiga kinanda aliangalia vidole vyake. Mama alisimama kwenye benchi lake, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu orodha ya majina, “Na mimi ndiye nilikuwa namng'oa.” Akaketi.

Mwenyekiti alikohoa, akauliza kama kuna mwingine mwenye ushuhuda. Katika safu ya sauti ya kwanza akasimama mama mmoja, mke wa yule mzee aliyekemea kiharusi, ambaye tangu nimjue hufunga kitambaa hadi chini ya kidevu hata wakati wa jua kali. Alikifungua kitambaa mbele yetu sote, akakikunja vizuri.

“Mwalimu,” akasema, “ulisema ni ghorofa ya ngapi?”