Mwenye Sauti ya Tatu

Kisa hiki kimenigharimu chakula kimoja cha mchana na nafasi yangu kwenye kwaya. Nimehesabu mara mbili, ni hivyo. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana kilinitokea mchana kweupe, nimeshakunywa chai.

Kazi yangu hapa Toronto ni kupiga picha vitabu vya kale vya muziki wa Ulaya, vihifadhiwe kwenye kompyuta. Enzi hizo kila sauti ilikuwa na kitabu chake. Seti yetu ilipaswa kuwa na vinne; cha sauti ya tatu kilipotea. Bosi wangu, Helen, ana programu ya kukisia noti zilizokosekana. Ilikisia vibaya, hata mimi wa kwaya ya kanisa letu mtaani Malvern nilisikia.

Siku hiyo theluji ilifunga barabara, nikabaki peke yangu. Nikazipiga zile sauti tatu zilizobaki kwenye kompyuta. Nyuma yangu, mzee akaimba ile iliyopotea. Mlango ule haufunguki bila kadi, na viatu vyake vilikuwa vikavu! Alizungumza lugha gani? Usiniulize. Nilimwelewa tu.

“Kitabu changu kiliungua,” alisema. “Nitakuimbia. Ila uandike jina langu.”

Nikakubali; mapatano ni mapatano. “Imba mara mbili, nihakikishe.”

“Mara mbili?” Akacheka. “Kungoja kote huku, naletewa mchuuzi!”

Akaimba. Nikaandika kwa penseli, do re mi, kama tunavyoandikiana kwenye kwaya zetu nyumbani. Mara ya pili aliimba akilia. Niamini, nami nililia. Nikahesabu noti, nikarudia, zote zipo, ila saa ya chakula cha mchana imeshanipita. Nikainua kichwa nimuulize jina. Hakuna mtu.

Helen aliziingiza kwenye programu; zikakaa na zile tatu kama ndugu wa tumbo moja. “Umezitoa wapi?” Nikamwambia nimeimbiwa. Akacheka.

Tangu hapo, nikifungua kinywa kanisani, unatoka wimbo wa yule mzee tu. “Ndugu yangu, hiyo sauti irudishe dukani,” mwalimu wa kwaya akaniambia, akanipeleka kupanga viti.

Sasa Ijumaa Helen anazitoa noti mtandaoni, kwa jina langu. Nimekataa, anasema nina unyenyekevu. Mimi! Nawe ukikutana na mtu asiyelowa theluji, muulize jina kabla ya kupatana lolote. Na kama una busara kunizidi, nishauri kabla ya Ijumaa: pale penye jina, niandike nini?