Athmani na Punda wa Ranchi

Jamani, leo mwanangu kang'ara mbele za watu na mimi mamake sikuona kitu!

Mwajua Athmani alirudi kutoka jeshini na mguu wa bandia. Miaka miwili sasa hatoki chumbani. Leo chama chao cha wanajeshi wastaafu kimetupeleka ranchi, huko mbele ya Mariakani, kutazama wachunga ng'ombe wakishindana kupanda mafahali.

Mwisho wakaleta punda mmoja mkorofi. Wachungaji watatu wakamkalia katikati ya mgongo, kama farasi. Wote chini, puu!

Mara namwona Athmani ampa mwenzake gongo lake la kutembelea.

"We Athmani, rudi! Na huo mguu ulobaki wataka kuuvunja?"

Akacheka. Acheka, jamani!

"Mama, hawa hawajui kukaa. Punda hukaliwa nyuma kabisa, karibu na mkia, kama tulivyokuwa tukiwapanda utotoni Mji wa Kale."

Hapo nikajifunika uso kwa buibui, nikasoma kila dua niijuayo, na nisizozijua nikazisoma nusu.

Nasikia kelele. Nasikia makofi. Kufunua siwezi.

"Mama, funua uso. Nishashuka!"

Kumbe kazunguka uwanja mara mbili! Mkubwa wa wachungaji akamwomba arudi Jumamosi awafunze vijana wake. Nami nikadhani atakataa.

"Nitakuja," akasema.

Wallahi nimelia hadi buibui limerowa.

Sasa nyinyi mliokuwako, nihadithieni. Alikaaje? Punda aliruka? Nambieni yote, msinifiche.