Seli Imemeza Jina Langu

Leo nimefunika jina langu kwa brashi yangu mwenyewe, na mnajua vile napenda hilo jina.

Mimi, mchoraji wa mabango anayejulikana Kitale nzima, niliitwa kule Myanga kuchora seli ya mwili kwa ukuta wa shule.

Nikachora safi. Katikati nikaacha nafasi, nikaandika jina langu kubwa kama la kinyozi kwa bango la duka lake.

Mwalimu wa bayolojia akaja kukagua.

"Fundi, ndani ya seli hakuna nafasi. Protini zimebanana humo zikifanya kazi, kama watu siku ya soko."

"Hata ya jina tu, madam?"

"Hata hiyo."

Bana! Nikachora protini juu ya jina mpaka likaisha.

Lakini protini moja imevaa kofia nyekundu kama yangu. Madam hajaiona. Mkipita Myanga, mnisalimie.