Bomu Katika Muhogo wa Kizuka

Mwaka wa 1972, mapigano yalipofika Rumonge, tulivuka ziwa kwa mtumbwi na kujificha kwa ndugu zetu upande wa Fizi. Baada ya miezi kadhaa tukasikia kwamba bunduki zimenyamaza. Mume wangu alibaki ng'ambo akivua ndagala. Mimi nilirudi na dada yake, wifi yangu, mwanamke wa miraba minne aliyebeba madumu mawili ya mawese bila kuomba msaada.

Shamba letu lilikuwa Kizuka, kando ya michikichi ambako wanajeshi walikuwa wamepiga kambi. Walishaondoka. Tulikuta majivu na makopo matupu, na muhogo umekomaa vizuri. Tulikuwa na njaa, tukacheka kwa furaha.

Wifi alitangulia. Alikuwa ananiambia tuanze na mstari wa chini, ardhi ilipopasuka. Nilianguka. Nilipoinua kichwa niliona vumbi, kisha nikamsikia akiita jina langu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji.

Majirani walikuja mbio wakasimama ukingoni mwa shamba.

"Usiingie!" mzee mmoja alinipigia kelele. "Labda iko lingine!"

Nilijua hilo. Lakini udongo ulikuwa na unyevu, na nyayo za wifi zilionekana. Nikaweka mguu wangu juu ya kila unyayo wake mpaka nikamfikia. Nilifunga paja lake kwa kitenge changu, nikamburuta kwa njia ileile. Wanaume walimpokea, wakambeba kwa machela hadi dispensari. Aliishi. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Hakuna aliyethubutu kuvuna muhogo ule. Tuliutazama ukigeuka miti, huku tukiomba unga kwa watu. Shamba likawa pori kwa miaka mingi.

Nilikuwa nimeshazeeka, na vita vingine vimeshakuja, tulipoitwa kwenye mkutano ukumbini Rumonge. Mgeni kutoka Bujumbura alitueleza kwamba nchi nyingi zinakubaliana kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Mwanajeshi mstaafu, mtu wa Minago, alisimama kupinga.

"Bomu linalinda kambi askari akiwa amelala," alisema. "Mukilikataza, mutamulinda na nini?"

Nikanyanyua mkono. Sikuogopa hata kidogo. Jambo hili nililijua kuliko wote mle ndani.

"Baba, askari waliolindwa Kizuka walishafika kwao wakati wifi yangu anakanyaga. Lilikuwa linamlinda nani siku ile?"

"Mama, labda lile lilikuwa gruneti tu, bomu la mkono lililodondoka."

"Labda. Mimi sikuliona, niliona shimo tu. Lakini wewe bunduki yako ukiiweka chini, inanyamaza. Hiki kitu ukikiacha kinaendelea na kazi, na hakijui kama anayekuja ni adui au mwanamke mwenye jembe. Silaha ambayo hata aliyeitega hawezi kuiamuru ikome, ninyi mnaitetea kwa nini?"

Wifi alikuwa ameketi pembeni yangu, gongo lake la kutembelea mapajani. Alisema bila kusimama: "Na mimi nilikuwa natafuta chakula."

Yule mstaafu aliketi.

Mkutano ulipokwisha alitufuata nje. Alivua kofia, akamsalimu wifi kwa Kirundi, *amahoro*, kisha akasema taratibu kwamba katika vita vya baadaye yeye mwenyewe alifukia mabomu kilimani juu ya Minago. Hakuchora ramani.

"Unakumbuka mahali?" wifi alimwuliza.

"Baada ya miaka hii yote, mama? Si pote."

"Basi nenda ukaonyeshe unapopakumbuka."

Alikwenda. Wataalamu wa kutegua mabomu walipokuja aliwaongoza kilimani, wakafukua mawili na kuyalipua. La tatu alizunguka akilitafuta siku mbili, kati ya mti na mawe aliyoyakumbuka, bila kulipata; wakazungushia uzio eneo lote. Nchi yetu nayo ilitia saini mkataba ule. Wifi alipopata habari hiyo alikuwa anaponda mise, kokwa za michikichi, jikoni kwake. Akasema ni vizuri, lakini walichelewa, kisha akaniambia nimsogezee beseni.