Duara Jekundu Ukutani kwa Bibi

Juzi kule Goba nilimwona fundi akichora ukuta kwa chaki nyekundu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kwa bibi kule Temeke.

Bibi alikuwa uani akikuna nazi. Mama mmoja aliyevaa suruali, msanifu majengo kutoka mjini, alipima baraza yetu kwa futi, akapapasa nakshi za mlango, akaenda kunong'ona na bibi. Alinukia manukato makali. Alipoondoka alichora duara jekundu ukutani kwetu, na jingine kwa jirani yetu, Bi Tatu.

Mie nyekundu nilikuwa naijua. Mtaa wa pili nyumba zilipigwa X nyekundu, na wiki haikuisha likaja katapila. Ngurumo yake ilikuwa bado haijanitoka masikioni.

Nikachukua kumbi la nazi na jivu, nikalisugua duara letu mpaka vidole vikachubuka. La Bi Tatu sikuligusa, maana mwenyewe alikuwa amekaa barazani.

“We Zuhura, unafanya nini huko?”

“Naosha ukuta, bibi.”

“Ndiye mjukuu wangu huyo!”

Katapila lilipofika mtaani kwetu, likibomoa nyumba moja baada ya nyingine, msimamizi aliliangalia duara la Bi Tatu, akampungia dereva apite. Kisha akautazama ukuta wetu, mweupe, msafi.

Bibi alisimama barabarani amekumbatia kipande cha mlango wake. “Yule mama aliniapia nyumba haiguswi,” alisema. “Mwongo mkubwa.”

Nilificha vidole vyangu nyuma. Hata siku tunamzika, sikuwa nimemwambia.